Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama: Nyumba Zimejengwa Vizuri, Mipaka Haijaonyeshwa

Jina la Makumbusho hutamkwa Dar es Salaam kila dakika, na wengi wanaolitamka hawafikirii makumbusho yoyote. Wanafikiria stendi ya daladala, kondakta anayening'inia mlangoni akiita abiria, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Jirani kabisa na kelele hizo, upande wa Kijitonyama, ndipo kilipo Kijiji cha Makumbusho, tawi la Makumbusho ya Taifa lililoanzishwa mwaka 1967 ili kuonyesha nyumba za jadi za makabila ya Tanzania zikiwa zimejengwa kwa ukubwa wake wa kawaida, nje, chini ya miti, mtu aweze kuinama mlangoni, kuingia ndani na kugusa ukuta kwa mkono wake. Nimekwenda pale peke yangu, nimekwenda na wageni na nimekwenda na watoto. Tathmini hii haihusu sana bei ya tiketi wala usafi wa njia. Inahusu kile hasa ambacho kijiji hiki kinampa anayelipa kiingilio, yaani maelezo kuhusu kabila ni kitu gani, nani yumo, nani hayumo, na mpaka kati ya kabila moja na jingine unapita wapi.

Mambo ya kawaida ya mgeni niyamalize kwanza, kwa kuwa hayana utata. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni kutoka nje, kama ilivyo katika vivutio vingi vya umma nchini. Waongozaji wapo, na ni vyema kumchukua mmoja, maana nyumba isiyo na msimulizi hubaki kuwa udongo na nyasi. Alasiri huwa na ngoma. Kivuli kipo cha kutosha, jambo la thamani katika jiji hili kati ya Desemba na Machi, na anayetaka kuzipitia nyumba zote bila haraka atenge nusu siku.

Nyumba zenyewe ndizo sababu kubwa ya kwenda. Ukiingia katika tembe la Wagogo, kitu cha kwanza kinachokushika ni paa. Ni bapa, limelazwa juu ya nguzo na boriti za miti, likatandazwa fito, kisha likafunikwa udongo mzito. Liko chini kiasi kwamba mtu mrefu hutembea ameinamisha shingo, na giza la ndani, linalotobolewa na mwanga wa mlango, lina ubaridi ambao nyumba ya bati ya mjini haiujui. Vyumba vya tembe hupangwa kuzunguka ua wanamolala ng'ombe, ili anayewataka, awe mwizi au simba, alazimike kwanza kupita kwa watu. Msonge wa Wahaya una mantiki nyingine kabisa: nyasi zinaanzia kileleni na kushuka hadi kukaribia ardhi, huwezi kusema hapa paa limeishia na hapa ukuta umeanza, na ndani matete yamegawa sehemu ya wazee, ya watoto, ya moto na ya mifugo. Kwa mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya matofali ya saruji, saa moja ndani ya nyumba hizi mbili inafundisha mengi kuliko muhula mzima wa kukariri majina ya makabila ubaoni.

Hata hivyo, hapo hapo ndipo somo linapoanza kupotoka, kwa sababu mpangilio wa kijiji, wa nyumba moja kwa kabila moja na kibao kimoja mbele ya kila nyumba, unamwambia mgeni kimyakimya kwamba Mgogo ni mtu wa tembe, Mhaya ni mtu wa msonge, na nafasi ya wazi iliyopo kati ya nyumba hizo ndiyo mpaka wenyewe. Sivyo mambo yalivyo nchini. Tembe halikuwa la Wagogo peke yao. Lilijengwa pia na Wahehe, Wanyaturu na Wairaqw, watu ambao lugha zao si za jamii moja, kwani Kiiraqw si lugha ya Kibantu kama hizo nyingine. Kinachowaunganisha ni mvua na majani. Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, nyasi ndefu za kuezekea ni adimu, na paa bapa la udongo linaweza kudumu. Bukoba hupata takriban milimita 2,000, na paa kama hilo lingeyeyuka kabla masika hayajaisha. Msonge nao umejengwa na jamii nyingi za magharibi na kaskazini, wakiwamo Wachaga wa zamani kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kwa hiyo anayetafuta mpaka wa kabila kwa kuangalia mapaa ataishia kuchora ramani ya hali ya hewa.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwanaanthropolojia wa Norway, Fredrik Barth, alitoa mwaka 1969 hoja ambayo hadi leo haijapata mpinzani wa kuiangusha: kwamba kundi halidumu kwa sababu ya chakula, nyumba na mavazi yake, vitu ambavyo hubadilika kila kizazi, bali hudumu kwa sababu watu wanaendelea kutofautisha wa kwao na wasio wa kwao, hata pale wanapouziana ng'ombe, wanapooana na wanapohamia upande wa pili. Kijiji cha Makumbusho kilianza miaka miwili kabla ya hoja hiyo, na kimejengwa juu ya wazo la zamani zaidi, kwamba kabila ni sanduku na mila ni vitu vilivyomo sandukuni.

Upungufu ambao mimi ninauona mkubwa kuliko wote ni ukosefu wa tarehe. Nyumba inasimama kana kwamba ilikuwapo tangu enzi na enzi, na kabila lake likiwa humo ndani likisubiri wageni. Chukua Wahehe. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika nyanda za Iringa, kulikuwa na himaya ndogondogo nyingi, kila moja na mtawala wake, na hakuna Mhehe aliyejiita hivyo kwa maana tunayoielewa leo. Munyigumba wa ukoo wa Muyinga alizipiga na kuziunganisha katikati ya karne hiyo, mwanawe Mkwawa akaupanua utawala, na mtu aliyeshindwa vitani, akapewa mke, shamba na mkuki, wajukuu zake walikuwa Wahehe bila swali. Vita dhidi ya Wajerumani, tangu pigano la Lugalo mwaka 1891 hadi kifo cha Mkwawa mwaka 1898, vilikaza jina hilo kuliko desturi yoyote ya jikoni. Kabila zima, basi, lilijengwa katika muda usiozidi maisha ya mtu na mjukuu wake, na mlango wake wa kuingilia ulikuwa wazi kwa muda wote huo.

Wangoni wanashangaza zaidi. Waliotoka kusini mwa Afrika wakati wa vurugu za enzi ya Shaka, mfalme wa Wazulu, na kufika upande wa Songea katikati ya karne ya 19 walikuwa wachache. Waliobaki wakiitwa Wangoni wengi wao ni vizazi vya watu waliotekwa njiani na waliokutwa palepale. Lugha ya wenye asili ya kusini ilimezwa na lugha ya wenyeji, na vyakula, nyumba na mavazi vikafuata mkondo huohuo. Karibu kila kitu kilichokuwa ndani kilibadilika, ila jina na fahari ya vita vikabaki, na ndani ya jina hilo hilo watu waliendelea kwa muda mrefu kukumbushana nani ni wa damu ya waliokuja na nani ni wa waliokutwa. Kibao cha mistari michache kinachotaja silaha na zana za jadi hakiwezi kubeba historia hiyo, na sidhani kama ni haki kukidai kiibebe. Lakini tarehe mbili au tatu kinaweza kuzibeba.

Kuhusu Wachaga nitakaa kidogo, kwa kuwa nyumba yao ndiyo inayovuta wageni wengi na ndiyo inayosema kidogo kuliko inavyoweza. Katika miaka ya 1880 mtu wa Kibosho chini ya Mangi (yaani mtawala) Sina na mtu wa Moshi chini ya Mangi Rindi walikuwa maadui wa kuchomeana nyumba. Hadi leo mzee wa Rombo na mzee wa Machame wakizungumza kila mmoja kilugha chake, huenda wakaishia kuelewana kwa Kiswahili. Walipataje kuwa kabila moja? Jibu kubwa ni kahawa na ofisi. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, kikafuatwa mwaka 1933 na chama kikuu cha ushirika cha KNCU, na mkulima wa Marangu na wa Kibosho wakajikuta wana bei moja ya kupigania na mzani mmoja wa kulalamikia. Kwa upande wa serikali, Gavana Donald Cameron, aliyeongoza Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931, alijenga mfumo wa utawala wa wenyeji uliochukulia kwamba kila Mwafrika ana kabila lake na kila kabila lina mkuu wake. Pale ambapo mkuu mmoja hakuwapo, alitafutwa au alitengenezwa. Ndivyo Wachaga walivyofika mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakiwa na Mangi Mkuu mmoja, Thomas Marealle, cheo ambacho babu zao wasingekielewa. Mzani wa kupimia kahawa, ukiwekwa mlangoni mwa ile nyumba, ungeeleza kuzaliwa kwa kabila hilo vizuri kuliko zana zote za kilimo.

Mwaka wa 1967 wenyewe una kisa chake. Ni mwaka wa Azimio la Arusha, na ni mwaka wa sensa ya mwisho nchini kumuuliza mtu kabila lake. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Dola iliyahesabu makabila kwa mara ya mwisho mwaka uleule ilipoyajengea kijiji kando ya barabara, na mimi nauona uamuzi huo kuwa wa busara kubwa ya kisiasa: kabila lilihamishwa kutoka kwenye fomu likapelekwa kwenye maonyesho, mahali ambapo linaweza kupendwa bila kugombewa. Mara baada ya uhuru nguvu za machifu zilikuwa zimekwisha kuondolewa, watumishi wa umma na wanafunzi walipangwa mikoa isiyo yao, na Kiswahili kikapewa nafasi ya kwanza. Mipaka haikufutika, lakini ilipoteza kazi yake ya kugawa vyeo na ardhi, na mpaka usio na cha kugawa huwa mwepesi kuvukwa. Yeyote anayetaka kuelewa kwa nini Tanzania imekuwa tofauti na baadhi ya majirani zake angeweza kuanzia hapa, kama pangekuwa na ubao mmoja langoni unaosimulia hayo.

Sasa ngoma. Huduma hii naipa alama za juu, na kwa sababu ambayo pengine waandaaji hawakuikusudia. Kikundi kinaanza na ngoma ya pwani, viuno vikiongoza. Kinabadili kanga na shanga, kinarudi na ngoma ya bara ambayo mabega ndiyo yanayofanya kazi. Kisha njuga zinafungwa miguuni na vumbi linapanda. Wachezaji ni walewale. Mpigaji aliyekuwa Mzaramo dakika kumi zilizopita sasa anajibu wimbo wa Kanda ya Ziwa na matamshi yake yanakubalika, na ukiwatazama usoni huwezi kukisia nani amezaliwa wapi. Hapo uwanjani, bila hotuba, mgeni anaonyeshwa kwamba desturi inaweza kujifunzwa na kuvukwa, na kwamba kucheza ngoma ya watu hakukufanyi uwe mmoja wao. Kinachoamua ni kingine, na hilo ndilo swali ambalo nyumba hazikuliuliza.

Tangu miaka ya 1990 kijiji pia kimekuwa kikiandaa siku za utamaduni, ambapo jamii moja hupewa uwanja kuonyesha vyakula, ngoma na mila zake. Anayeweza kuchagua siku ya kwenda, achague siku kama hiyo. Maonyesho yenyewe huwa mazuri, lakini kinachovutia zaidi ni mabishano yanayoyatangulia, maana wazee wanaoishi Dar es Salaam lazima wakubaliane kipi ni chao: pombe hii ni yetu au ni ya jirani, ngoma ile ya kanisani ihesabiwe au isihesabiwe, watu wa ng'ambo ya mto waalikwe kama ndugu au kama wageni. Mpaka hujengwa katika vikao vya namna hiyo, watu wakiwa mjini, mbali na kijiji kinachotajwa, na wengi wao wakiendesha kikao kwa Kiswahili.

Kisichopewa nafasi kabisa, na mimi nakihesabu kuwa pengo la kusikitisha, ni utani. Hakuna taasisi ya Tanzania inayoeleza mipaka ya makabila vizuri kuliko utani, na kila mgeni Mtanzania anaijua kutoka nyumbani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi walikutana kwenye njia ya misafara, mmoja akiwa mwenyeji wa pwani na mwingine mpagazi aliyetembea miezi kadhaa, na ni watani. Wachaga na Wapare wamepakana milima, na ni watani. Nenda kwenye msiba wowote mkubwa wa jijini utauona mpaka ukifanya kazi: mtani anaingia akimwiga marehemu, amevaa koti lake, anamtukana kwa ubahili wake, kisha anajilaza kaburini na kukataa kutoka hadi apewe chochote, na wafiwa, machozi yakiwa bado hayajakauka, wanacheka na kutoa. Angelifanya hivyo mtu wa kabila lao wenyewe, wangempiga. Asiye mtani angelifanya, ungekuwa ugomvi. Mpaka huo unadumu kwa sababu unatumiwa, na unatumiwa kwa sababu una manufaa kwa pande zote mbili. Mtani ndiye anayepika, ndiye anayechangisha, ndiye anayethubutu kusema ambayo ndugu hawawezi kuyasema. Nyumba mbili za watani zilizojengwa zikitazamana, na mwongozaji aliyefunzwa kusimulia kisa hiki, zingebadili kabisa ziara.

Pengo jingine ni la makundi ambayo hayana nyumba ya kujengewa. Fikiria Wamanyema. Wazee wao walitoka mashariki mwa Kongo, kutoka jamii nyingi tofauti, wengine wakiwa wapagazi, wengine watumwa, na walikuja kuwa Wamanyema wakiwa tayari Ujiji, Tabora na Dar es Salaam, ambako hata msikiti wenye jina lao upo Kariakoo. Ukiambiwa uwajengee nyumba ya jadi utajenga ipi? Jibu la kweli ni nyumba ya Kiswahili ya mjini: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani jiko, kisima na choo cha pamoja. Katika nyumba kama hiyo Mmanyema alipanga chumba kando ya Mzaramo na Mluguru, watoto wakakua na lugha moja, na swali la kabila likarudi mara chache tu, hasa siku ya posa na siku ya mazishi. Siku hizo mbili hazijaacha kuuliza. Familia nyingi zilizokaa jijini vizazi vitatu bado husafirisha mwili kwenda kuzika kijijini, na kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa watu ambao watoto wao hawajui kilugha lakini wanajua kihamba, shamba la ukoo, cha babu kipo wapi.

Mwendo mfupi kutoka kijijini, Mwenge, yapo maduka ya vinyago, na ninashauri ziara iishie huko. Vinyago vinavyouzwa kwa jina la Wamakonde, vile vya mashetani na vile vya ujamaa vyenye watu wamepandana kama mnara, ni sanaa ya mjini iliyokomaa Dar es Salaam tangu miaka ya 1950 mikononi mwa wachongaji waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na soko lake limekuwa kubwa kiasi kwamba wapo wachongaji wa makabila mengine wanaoishi kwa mpingo ule ule. Mnunuzi haulizi cheti cha kuzaliwa. Anachonunua ni jina, na mchongaji, awe nani, anajua jinsi ya kulitunza.

Kwa jumla nakipa Kijiji cha Makumbusho nyota nne kati ya tano. Nyumba na ngoma zinastahili zote tano; vibao ndivyo vinavyoshusha. Walimu wa shule za msingi na sekondari wasisite kuwaleta wanafunzi, mradi wasiwaache wanakili majina na maumbo tu: wawape kazi ya kutafuta nyumba mbili zinazofanana ambazo watu wake hawaelewani kwa lugha, kisha waende nyumbani wakaulize ukoo wao una watani gani na kwa sababu ipi. Mgeni kutoka nje amwombe mwongozaji asimulie ya kwao, si ya kibaoni, kwani waongozaji wanajua zaidi ya kilichoandikwa. Uongozi nao, kama utapata fedha za kuongeza chochote, uanze na kitu rahisi kuliko vyote, mstari mmoja juu ya kila kibao unaosema watu hawa walianza lini kuitwa hivi na nani aliyewaita, kisha ujenge, karibu na lango la upande wa stendi, nyumba moja ya Kiswahili yenye wapangaji sita.